Ukurasa wa Pili

Mwisenge, Musoma
3 Machi 1974

Dada Robi mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko dagaa wa Mugango. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limestaafu kabla yangu, na nywele zangu, ambazo zimehama kichwani bila kungoja Operesheni Vijiji. Shemeji Burito hajambo? Na mkweo, Mama Nyangi, bado anawatukana kuku?

Barua yako ya kwanza ya mkono wako nimeipata. Dada! Miaka yote nimezoea barua zako kwa mwandiko wa Jeska wa jirani, na yale maua yake pembeni. Sasa naona herufi zako, zimesimama kama nguzo za zizi. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, sijamfundisha mtu kuandika "ng'ombe" vizuri hivyo. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka, mpaka wifi yako Hana akauliza nani amekufa.

Sasa lililonileta. Kuna kamati hapa inatengeneza kijitabu cha watu waliowasumbua wakoloni, nami nimepewa Mwikwabe, babu yake shemeji. Wajerumani walimwita mwizi, sisi tunamwita shujaa, ng'ombe wenyewe hawakuulizwa. Ninayo yale ya kuvaa koti la askari na kuwatoa ng'ombe arobaini wa kodi bomani, akawapitisha Butiama saa sita mchana huku watu wanamwamkia. Ninayo mapango ya Chamriho alimojificha miaka mitatu, na kitanzi mwishoni. Nataka kumalizia na babu yetu Wegesa, mwenzake wa rika, walitahiriwa siku moja: "rafiki mwaminifu, aliyemlaza na kumlisha mpaka siku ya mwisho." Unaonaje? Kitasomwa mbele ya watu, na Mama Nyangi atawekwa kiti cha mbele.

Ongeza unachojua.

Mdogo wako,
Silasi


Kijiji cha Ujamaa, njia ya Bunda
24 Machi 1974

Mdogo wangu Silasi,

Salamu. Sisi wazima. Burito anakohoa kidogo, vumbi la pamba. Mama Nyangi mzima, kuku ndio hawana raha. Mpe Hana salamu, mwambie akukande hilo goti kwa maji ya moto, uache kulitangaza.

Nimefurahi umesoma mwandiko wangu. Naandika polepole, nimekaa nyuma ya ghala, kila siku mistari michache, siku ya nne hii. Mwalimu wetu ni kijana mkali, ananiita "mwanafunzi Robi", mimi bibi wa watu. Nikikosea ananiambia nirudie. Narudia.

Sasa geuza karatasi, usome ukiwa peke yako.

Futa hilo neno, mwaminifu.

Hii habari ninayo tangu mwaka wa Uhuru. Ningekuambiaje? Nilikuwaga nasema, Jeska anaandika, na mdomo wa Jeska hauna mlango. Wenzangu walienda darasani ili wasome mizani wasipunjwe pamba yao. Mimi nilienda ili nikuandikie hii.

Baba alipokuwa anakufa, wewe ulikuwa kozi, mimi ndiye nilikuwa namgeuza kitandani. Akaniambia. Askari walipomkosa Mwikwabe walikamata watoto wa wenzake wa rika. Baba alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wakamfunga bomani kamba ya shingo, wakamwambia babu, lete Mwikwabe, chukua mtoto. Mwikwabe akaja kwa babu kama alivyozoea. Mtu wa rika lako humnyimi kitanda. Babu akampa maziwa, akampa kitanda chake mwenyewe, akasema anatoka kukojoa. Hakwenda kukojoa, Silasi. Baba alirudi nyumbani siku ile ile Mwikwabe alipopandishwa juu.

Ndiyo sababu wewe upo na mimi nipo.

Na mimi ni mke katika nyumba ya Mwikwabe, mwaka wa ishirini na nane, nimewazalia watoto watano. Wakijua nitakwenda wapi? Kwa baba pamebomolewa tulipohamishwa. Sina pengine. Kwa hiyo usimtaje babu kabisa. Mwandike Mwikwabe peke yake. Ukimaliza kusoma, tia jikoni.

Dada yako,
Robi


Mwisenge, Musoma
9 Aprili 1974

Dada Robi,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa kikohozi cha shemeji.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Hana akadhani siafu. Miaka yote nimewasimulia wanafunzi habari za babu huyu huku nimetoa kifua kama jogoo wa mnada. Nimekaa kimya siku mbili nzima. Muulize Hana, haijawahi kutokea.

Nimesikia. Babu hatatajwa. Ondoa wasiwasi.

Jambo moja dogo. Sabasaba kutakuwa na maonyesho ya elimu ya watu wazima hapo Bunda, na wanatafuta barua zilizoandikwa na watu waliojifunza ukubwani. Nilimwonyesha afisa mmoja, Ndugu Renatus, ambaye pia yumo katika kamati yetu ya kijitabu, ile sehemu ya juu tu, ya mwalimu wako mkali na "narudia". Alicheka mpaka akavua miwani. Anasema una zawadi mkononi, khanga doti mbili. Dada, ukurasa wa kwanza peke yake! Wacha ndugu yako ajivune na kitu cha kweli mara moja katika maisha yake.

Mdogo wako,
Silasi


20 Aprili 1974

Silasi,

Salamu.

Hapana. Usipeleke hata bahasha. Nilikuambia utie jikoni, kumbe bado unayo. Itie leo.

Dada yako,
Robi


Kijiji cha Ujamaa, njia ya Bunda
12 Julai 1974

Silasi,

Natumaini ninyi ni wazima. Mimi nipo.

Nikusimulie, maana hukuja kuona. Mwenyekiti wa kijiji alisema mwanafunzi Robi ameshinda, basi tukapanda lori la pamba, mimi, Burito na Mama Nyangi, tumevaa vizuri. Mama Nyangi alikaa mbele na dereva, anamfundisha kuendesha. Nilijua ni ile insha ya darasani, ya kulima kwa mistari. Wewe nilikuwa nimekuambia hapana, kwa hiyo sikuwaza.

Ndugu Renatus akaniita jina kwenye kipaza sauti. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, mjinga. Akaanza kusoma. Kikohozi cha Burito, kuku, goti lako. Uwanja mzima unacheka. Burito akaniambia, "Mke wangu, kumbe wewe ni mchekeshaji!" Nikajua ni barua gani. Nikasema moyoni, ukurasa ni mmoja, ataishia hapo.

Akageuza.

Silasi, sikuwahi kujua kipaza sauti kinafika mbali hivyo. Waliokuwa wananunua sukari dukani waliacha wakaja. Alisoma mpaka "tia jikoni". Kisha akasema, "Huu ndio ujasiri wa mwanamke wa Kitanzania, hafichi historia!" akanipa khanga. Nilizipokea. Ningefanyaje, mikono yote miwili ilikuwa imenyooshwa tayari.

Kurudi, Mama Nyangi alipanda nyuma ya lori, hakutaka kukaa mbele. Burito anakula kwa ndugu yake. Watoto wananiuliza nimefanya nini.

Wazee wa ukoo wameweka kikao tarehe 3 Agosti. Wanataka mwanamume wa nyumba ya Wegesa asimame aseme. Mwanamume ni wewe tu. Njoo. Usiniandikie. Njoo.

Dada yako,
Robi


Mwisenge, Musoma
22 Julai 1974

Dada yangu,

Salamu kwa unyenyekevu. Sijui nianzie wapi, nami ndiye mwalimu wa insha.

Renatus amenipoteza. Nilimpa ukurasa wa kwanza, lakini karatasi ni ile ile moja, umeandika huku na huku, na katika haraka za ofisini mtu anageuza tu. Nimemkaripia. Nimemwambia maneno ambayo sikujua ninayo.

Tarehe 3 ningekuja kwa magoti, kama goti lingekubali. Daktari anasema nisipande basi mwezi mzima. Halafu mitihani ya darasa la saba inakaribia, na mwalimu mkuu anajua kunitazama. Waambie wazee nawaheshimu sana. Waambie mtoto wa Wegesa ni mgonjwa, si mwoga. Natuma sukari kilo mbili na dawa ya kifua ya shemeji.

Mdogo wako mjinga,
Silasi


Mwisenge, Musoma
19 Agosti 1974

Dada Robi,

Salamu. Hujajibu, nami sijui kikao kiliishaje. Kila basi la Bunda likifika natazama kama kuna mtu wa kunipa habari. Hakuna.

Nilikudanganya. Goti linauma, lakini daktari sikumwona.

Na Renatus hakugeuza kwa bahati mbaya. Nilimwambia ageuze. Baada ya barua yako ya "hapana" nilikwenda kuichukua karatasi, akaniambia, "Mwalimu, huu upande ni salamu na vichekesho tu. Kamati inatafuta jambo zito. Huna jambo zito?" Dada, unanijua. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa vichekesho. Harusini, msibani, ofisini, Silasi ndiye anayechekesha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina jambo zito. Nikamwambia, geuza. Akasoma, akanitazama kama mtu mwingine kabisa. Akasema kitabuni wataandika jina langu: mtafiti.

Nilijiambia Sabasaba watasoma upande wa juu, na huu mwingine utabaki kwa kamati. Nilijiambia. Sikumwambia yeye.

Nikemee, dada, lakini nijibu.

Mdogo wako,
Silasi


Kijiji cha Ujamaa, njia ya Bunda
15 Septemba 1974

Silasi,

Salamu kwako na kwa Hana. Pamba imekuwa nzuri mwaka huu.

Kikao kilikuwa hivi. Wazee walikaa, kiti chako kikawekwa, kikabaki wazi. Mzee mmoja akauliza, "Nani anasimama kwa Wegesa?" Mwingine akajibu, "Kiti kinasimama." Wakacheka. Nikasimama mimi. Nikasema yote ni kweli, na kama wananitoa wanipe siku tatu nifungashe.

Mama Nyangi akainua mkono. Akasema, "Kaa, mwanangu. Hii wanayoisikia leo kwa kipaza sauti, mimi nimeishi nayo miaka sitini. Siku askari walipomchukua baba mkwe nilikuwa bibi arusi hapa, nina mwezi mmoja. Mtoto wa Wegesa aliporudi, tulijua. Mtoto anarudije kutoka bomani akiwa hai?"

Kisha akaniambia mimi. Baba yetu alinileta mwenyewe, kanishika mkono. Hakutaka ng'ombe hata mmoja. Alisema, "Mlipoteza mtu. Huyu atawazalia watu." Wakanipokea.

Mimi nyumbani niliambiwa mahari yangu ilikuwa ng'ombe kumi na wawili, wakafa kwa sotoka. Nilikuwa nawasikitikia wale ng'ombe, Silasi.

Kwa hiyo baba aliniambia nusu tu, na akiwa anakufa. Nikamgeukia Burito, nikamwuliza mbele ya wazee, "Ulijua?" Akasema, "Nilijua. Lakini nilisahau baada ya mtoto wa tatu." Watu wakacheka tena. Ni mtu mwema, ndiyo jibu zuri alilokuwa nalo.

Nyumba ninayo. Hakuna wa kunifukuza, mtu hafukuzi fidia yake. Miaka kumi na mitatu nimeogopa kufukuzwa, kumbe sikuwahi kuolewa.

Nililetwa hapa kwa ajili ya kichwa cha baba. Nikasimama kikaoni kwa ajili ya chako. Sasa zamu yako. Wazee wameamua jambo liishe kama yanavyoishaga kwetu: mwanamume wa nyumba ya Wegesa aje, ale ugali na maziwa na Mama Nyangi, sahani moja, watu wanatazama. Basi. Hakuna hotuba, hakuna ng'ombe. Jumamosi tarehe 12 Oktoba. Mama Nyangi amesema atasaga mwenyewe. Ukija, nitakukemea vizuri, nitacheka na vichekesho vyako. Usipokuja, watoto wangu watakuwa watoto wa fidia mpaka wazeeke, na mimi sitakuwa na ndugu.

Dada yako,
Robi


Mwisenge, Musoma
13 Oktoba 1974

Dada,

Salamu.

Jana nilivaa suti ya harusi, Hana akanifunga vifungo kwa nguvu. Nikapanda basi la saa moja asubuhi. Nilikuwa nimejizoeza la kumwambia Mama Nyangi.

Nilifika Kiabakari. Basi lilisimama watu wanywe chai. Nikakaa hotelini, nikawaza mkono wangu unavyoingia kwenye sahani na mkono wake unavyoingia, na wazee kimya, na hakuna mtu wa kuchekesha. Dereva akapiga honi. Kondakta akaja mpaka mlangoni, "Mwalimu, tunakungoja wewe tu!" Nikamwambia waende.

Niliagiza ugali na maziwa. Nikala peke yangu, nikaimaliza sahani, nikalipa, nikavuka barabara kungoja basi la kurudi Musoma.

Mdogo wako,
Silasi