Safari ya Korogwe Uliyoipanga

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijui kuanza barua yako kwa neno jingine. Mama yuko shambani na mjukuu wako Zaina amelala hapa mkekani pembeni yangu, kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia bila mtu kuniuliza naandika nini.

Nataka kukueleza safari ya Korogwe. Tulikwenda, Baba. Sikwenda kwa raha, lakini nilikwenda.

Siku ile walipokutoa ndani kukupeleka makaburini nilimsikia jirani yetu Sefu uani, anawauliza wanaume kama lile dumu la petroli alilokutafutia kwa shida alirudishe au afanyeje nalo. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, na hapo ndipo kilio kilinishika hasa. Tangu asubuhi nilikuwa nikilia kama wanavyolia wengine. Niliposikia habari ya lile dumu nililia mpaka wakanimwagia maji.

Maana uliipanga safari ile mbele yangu. Miguu ilikuwa imekuvimba huwezi tena kuingia kwenye basi, ukawa unalala barazani kwenye kitanda cha kamba, na kila nikikuletea uji unaanza upya. Kutoka Handeni hadi Korogwe si safari ya kumkalisha mtu akapanga. Vijana wanakwenda kwa baiskeli na kurudi. Lakini wewe uliipanga kama mtu anayekwenda kuhiji. Tuondoke mara baada ya sala ya alfajiri. Wewe ukae mbele na Sefu, mto uwe chini ya mapaja, Mama na mimi tukae nyuma kwenye pikapu tujifunge kanga usoni kwa sababu ya vumbi. Tukifika Sindeni Sefu apunguze mwendo, pale kwenye mawe. Tusisimame sokoni Korogwe hata kama nyanya ni rahisi, ulisema, ukamtazama Mama, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu uugue. Tuvuke daraja, tupite mjini, tunyooshe hadi Ngombezi kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge, tumchukue baba mdogo Shabani. Halafu turudi naye, na njiani tusimame Kwemkole, kijijini kwetu kwa zamani, akuonyeshe alipomzika mama yenu. Usome dua, turudi nyumbani. Na yote hayo yaishe kabla ya saa nane mchana, kwa sababu siku ambayo Sefu anaachiwa pikapu na tajiri wake ni Jumapili, na Jumapili saa nane ikipita gari la mtu binafsi likikutwa barabarani ni kesi, kwa ile amri ya serikali ya kubana petroli.

Mama alikuuliza utamwambia nini Shabani, baada ya miaka yote hiyo ya kutosemeshana. Ukasema, "Sitamtajia ya nyuma. Nitamwambia nipeleke kwa mama, basi."

Hayo ya nyuma nayajua, nilikuwepo ingawa nilikuwa mtoto. Tulipoambiwa wote tuhamie kijiji kipya cha ujamaa, wewe ulikuwa kibarua Mazinde, unakata mkonge. Lilikuja trekta na tela kubeba vyombo vya watu, na aliyekuwa anaendesha ni baba mdogo, katumwa kutoka kazini kwake. Sisi tulipakiwa tripu ya kwanza, Mama, mimi, vyungu, na kuku waliofungwa miguu. Bibi alikuwa mgonjwa. Alisema hawezi kurushwarushwa kwenye tela na vyombo vya watu, atakuja mwisho na mwanawe, polepole. Baba mdogo aliporudi kumchukua alimkuta anakata roho. Walimzika yeye na wazee wawili waliokuwa bado hawajahama. Wewe ulitokea Mazinde kwa miguu, hujui lolote, ukakuta Kwemkole nyumba hazina mapaa na hakuna hata mbwa.

Nakumbuka ulivyoingia kijiji kipya. Nakumbuka baba mdogo alivyokufuata na kukuambia twende kaka nikakuonyeshe. Ukamjibu mbele za watu kwamba huwezi kufuata nyuma ya mtu aliyekwenda kumtoa mama yako nyumbani kwake. Akarudi Ngombezi. Wazee wale wawili walikufa huku huku kijijini, mmoja baada ya mwingine, na Kwemkole pakawa pori. Hasira yako ilikuja kuisha wakati na miguu imeisha.

Ulikufa Ijumaa. Safari ilikuwa Jumapili.

Tulimpelekea baba mdogo habari kwa kondakta wa basi. Hakuja. Kwenye hitima hakuja, na arobaini ikapita hakuja. Watu walisema, na Mama ndiye aliyesema zaidi. Nilipomwambia Sefu nataka kwenda Korogwe, hakuniuliza maswali, alisema petroli ipo, hakuirudisha. Mama alikataa kwenda. Alisema mwenye shida na Shabani ulikuwa wewe, yeye hana. Lakini asubuhi ile aliamka kabla yangu, akanifungia mihogo ya kuchemsha na kuku mmoja hai wa kumpelekea shemeji yake.

Nilikaa mbele, pale ulipopanga kukaa wewe. Sefu alikwenda polepole Sindeni, kwenye mawe, ingawa hapakuwa na mgonjwa ndani ya gari. Niliona amefanya makusudi, na sikuweza kumshukuru. Kwemkole tulipita bila kusimama. Kutoka barabarani huoni kitu, Baba. Mimi nilidhani ningeona angalau michungwa ya Bibi, lakini ni vichaka tu, na mahali walipochomea mkaa.

Baba mdogo tulimkuta nje ya chumba chake kambini, anatia mpini kwenye jembe. Amezeeka. Kama ungemwona ungedhani yeye ndiye mkubwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama sana, kisha akaniita kwa jina la Bibi, maana ndilo jina mlilonipa. Alinipa kigoda. Sefu alibaki kwenye gari.

Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Nilimuuliza kwa nini hakuja kukuzika, wewe kaka yake wa tumbo moja. Hakukasirika. Alisema, "Siku ile alipofika kijiji kipya, watu walipoondoka, aliniita pembeni. Akaniambia hata nikifa usije kunizika. Mimi nilikuwa namtii kaka yangu, mwanangu. Hata lile nilimtii."

Baba, hukutuambia hilo. Kwenye kupanga kote kule, mto, mawe ya Sindeni, nyanya za Korogwe, hukulitaja. Sijui kama ulikuwa umelisahau au ulikuwa unakwenda kulifuta mwenyewe kwa mdomo wako. Nimelifikiria sana, na sasa siwezi tena kukuuliza. Nilimweleza kwamba ulikuwa unakuja. Nilimweleza siku, gari, na neno ulilosema utamwambia. Aliniomba nilirudie lile neno. Nikalirudia: nipeleke kwa mama, basi. Aliweka jembe chini, akaingia ndani, na akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu na kofia, na panga mkononi. Alisema twende.

Njiani alimwelekeza Sefu mahali pa kuacha barabara. Tuliacha gari tukaingia kwa miguu. Yeye alitangulia anafyeka, mimi nyuma yake, na nilikuwa na furaha, sikufichi. Nilijua ninafanya kazi yako. Nilikuwa nimekariri mahali ambapo ungesimama wewe, nitakaposimama mimi, na dua nitakayoisoma kwa niaba yako.

Alikuwa amelitia alama kaburi kwa vitu viwili, mvule mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba ya mwalimu wa chuo cha Kurani, na kona ya nyumba yetu. Alisema ukisimama katikati ya hivyo viwili, uutazame mvule, Bibi yuko mkono wako wa kulia. Mvule haupo. Umekatwa, na kisiki chenyewe kimechomwa au kimeng'olewa, hatukukiona. Kona ya nyumba tuliitafuta kwa kuparua udongo kwa panga. Tulipata vigae vya vyungu mahali pengi. Kila mahali alipoona kigae alisema hapa ni jikoni kwenu, kisha akasogea akaona kingine, akasema hapana, ni hapa. Kanzu ilichanika kwenye miiba, naye hakujali. Alianza kuita majina ya majirani, fulani alikaa huku, fulani huku, ili apate kupanga kijiji chote upya kichwani, na akifika kwetu kinavurugika tena. Nilimsaidia kwa yale niliyokumbuka mimi, ya kitoto, tulipochezea, tulipotupa majivu. Hayakumsaidia.

Sefu akaja kutuambia jua limekwenda, na kutoka pale hadi nyumbani bado kuna mwendo. Baba mdogo alimwomba kidogo tena. Akaendelea kufyeka mahali palepale alipokwisha kufyeka. Mwishowe alisimama, akaja kwangu.

Alisema, "Nikikuonyesha popote hapa utaamini. Lakini sitaki kukudanganya. Sipajui tena."

Nilitaka anidanganye, Baba. Nakuambia kweli yangu. Angenionyesha kichaka chochote ningekipigia magoti, na leo ningekuandikia barua nyingine. Nilisoma Fatiha pale niliposimama, sikujua kama Bibi yuko mbele yangu au nimemkanyaga. Baba mdogo hakusoma. Alishika kofia yake mikononi anatazama chini.

Barabarani nilimwambia apande, twende nyumbani akaone ulipolala. Tulikuwa tumeshakubaliana hivyo Ngombezi, atalala kwetu na kurudi kesho yake kwa basi. Akakataa. Alisema mara zote mbili alizotakiwa kukupeleka kwa mama hukumfikia, ya kwanza wewe ulikataa, na ya pili ameshindwa yeye, sasa anakuja kaburini kwako kukuambia nini. Nilimbembeleza. Sefu naye alimbembeleza akiwa ameshawasha gari. Alisema atangoja lori la kumrudisha Korogwe. Tulimwacha pale kando ya barabara, ana panga lake na kanzu iliyochanika, na kuku wa Mama tulikuwa tumeshamwacha kwake kambini. Tulifika nyumbani saa nane haijafika. Hilo moja lilikwenda kama ulivyolipanga.

Mama alisikiliza yote. Nilipofika pale uliposema asije kukuzika, aliinuka akaenda kuchota maji, na maji yalikuwepo. Tangu siku hiyo hamtukani tena Shabani. Hamtaji kabisa, na wewe hakutaji.

Nimetuma salamu Ngombezi, kwa kondakta yuleyule. Alirudi kuniambia amezifikisha, na mzee amesema amesikia. Basi. Hakuna zaidi. Sefu hana petroli, na hata angekuwa nayo sina mahali pa kumwambia anipeleke.

Hapa kijijini kisima kinatoa maji ya chumvi mwaka huu, na wenyeviti wa mashina wamepita wakisema huenda tukasogezwa tena, upande wa bondeni kulikochimbwa lambo. Wengine wanasema ni maneno tu. Mimi nilipolisikia sikuwaza nyumba wala shamba. Niliwaza makaburi, na wewe uliye ukingoni mwa makaburi, karibu na njia, mahali ambapo majani yanaota haraka kuliko kwingine.

Nimeokota mawe mtoni nikakuzungushia. Mwalimu wa msikitini aliniambia si lazima, nikamwitikia ndiyo, nikaendelea. Zaina ninakwenda naye. Ni mdogo, anadhani tunakwenda kucheza, anakaa juu ya jiwe la kichwani nami namshusha. Juzi nilimwambia anitangulie nione kama anaijua njia. Alipotea mara mbili, nikamrudisha, tukaanza tena kutoka mlangoni kwetu.

Siwezi kukuahidi Bibi. Ningekuahidi ningekuwa nakudanganya, na baba mdogo ameshanifundisha kwamba haifai. Ninakuahidi kupalilia tu. Maadamu tuko hapa nitapalilia kila baada ya mvua, na mtoto huyu nitamleta mpaka aweze kufika kwako akiwa amefumba macho. Wakituhamisha, nitakuja kwa miguu. Nikishindwa miguu, sijui.

Kwaheri, Baba. Mungu akupe nafasi huko uliko. Mama anarudi, namsikia anashusha kuni, na mtoto ameamka.

Mwanao,
Mwanahawa