Wanasema Nimekonda

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimefungua saluni, nimefagia, nimechemsha maji. Kiamshakinywa: chai ya rangi, bila sukari. Mchana: chungwa moja. Mama Shiro, mwenye saluni, amekula chapati na maharagwe karibu yangu na sikuonja. Najivunia.
Wateja wakiwa chini ya draya ya kukausha nywele husoma yale majarida ya ng'ambo. Wakienda, nasoma mimi. Wasichana wote hawana tumbo. Halafu nainua macho kwa kioo, naona mapaja yangu. Nayachukia.

Jumapili, 19 Machi
Nimeenda nyumbani Kiriaini. Gauni la kanisa limelegea kiunoni. Furaha tupu. Mama amepika mukimo, viazi na mahindi ya kuponda. Nimesema nimeshiba, akaniwekea tu. Chakula nimempa mbwa nyuma ya nyumba. Mama ameniona. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 23 Machi
Hedhi haijakuja tena. Nywele zinakatika, na mimi ndiye msusi. Baridi haitoki mwilini hata jua likiwaka. Lakini Muthoni, tunayekaa naye chumba kimoja hapa Majengo, amesema sasa nafaa kupigwa picha ya jarida. Nimetembea siku nzima kama malkia.

Jumanne, 28 Machi
Mwalimu mmoja, mteja wetu wa zamani, amekataa nimwoshe nywele. Amemnong'onezea Mama Shiro, nikasikia.
"Huyu msichana ako na ule ugonjwa. Si uangalie shingo yake?"
Ukimwi. Mimi! Na bado sijawahi kulala na mwanamume.
Kumbe watu wakinigeukia barabarani, si urembo wanaona. Wanaona maiti.

Jumatano, 29 Machi
Kikombe changu cha chai hapa saluni kimewekwa peke yake dirishani.

Jumamosi, 1 Aprili
Mama Shiro ameniambia nipumzike. "Nyambura, enda upimwe kwanza. Wateja wanaogopa."
Nimemwambia mimi si mgonjwa, nimejinyima chakula tu. Amenitazama kwa huruma.
"Ati ujinyime chakula na kiko? Nani hufanya hivyo, mama?"
Nimetoka na hasira, nikanunua chapati nile hadharani, kila mtu aone. Imefika mdomoni ikakataa. Nimejaribu tena. Naogopa chapati! Hilo limenitisha kuliko maneno ya watu.

Ijumaa, 7 Aprili
Naandika nikiwa wodini. Jana nilianguka nikichota maji, Muthoni akanileta na kumtumia Mama ujumbe. Wamepima damu. Leo nesi amesema, "Huna virusi. Uko na njaa." Nilidhani nitafurahi. Nimelia hadi wagonjwa wengine wakanyamaza.
Mama amefika mchana na matope kwa viatu. Nesi amemweleza mara mbili. Ameketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa kikamteleza kichwani, hakukirudisha.
"Wanawake wa kanisa walishaniambia nijitayarishe," amesema. "Nimekuwa nikimwomba Mungu akuchukue bila maumivu."
Baadaye akaniuliza, "Ni nani alikuambia wewe ni mbaya?"
Nimefikiria sana. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Jumapili, 16 Aprili
Pasaka. Nimeshatoka wodini, niko nyumbani kwa Mama. Mvua tangu asubuhi. Watu wote wameenda kanisani, Mama amebaki na mimi jikoni. Amenipa uji wa wimbi kwenye bakuli. Hakunihimiza. Alikuwa anamenya viazi, ananisimulia kuhusu ng'ombe wa jirani aliyeingia kwa kabeji zetu. Nimecheka kidogo. Nimekunywa nusu, polepole. Tumbo linauma na roho inanigombeza.
Nusu iliyobaki ameifunika na sahani, akaisogeza karibu na moto isipoe. Halafu ameenda kukama.