Barua zilizokwama zimeondoka zote

Ndugu yangu, nimekwisha!

Yule mama mhariri aliyeninyamazia wiki nzima, kumbe mashairi yangu hayakumfikia. Kompyuta yangu barua pepe ilikuwa inapokea, kutuma haitumi!

Binamu yangu fundi ameitengeneza sasa hivi. Nywila ya kutuma barua ilikuwa ya zamani. Akaniambia, "Haya malenga, zote zimeondoka."

Zote?

"Zote, kaka. Hata ile ya jana."

Ile ya jana! Beti nane za kumtukana yule mama kwa kuninyamazia. Nimemwita kisiki kisichosikia. Kisiki! Tena kwa vina kamili!

Binamu anacheka, mimi nazunguka chumba.

Subiri, mama mhariri amejibu.

"Mashairi yako ya kwanza yamepoa. Hili la mwisho lina moto, nalichapa. Wako, Kisiki."

Yamepoa? Mashairi yangu mimi, yamepoa?! Naketi kumjibu.