Yaya, Kuhusu Fifi na Familia ya Papa Bonifasi

Yaya Mado, dada yangu mkubwa mpendwa,

Unisamehe kwa kunyamaza muda mrefu hivi. Barua yako masista waliifikisha salama, imekunjwa ndani ya kitenge ulichomtumia mtoto, na tangu siku hiyo imelala chini ya godoro langu. Si kwamba nilikosa kalamu. Uliniomba nikupe Fifi wangu umlee. Uliandika kwamba huko Kinshasa mnasikia redioni habari za mabomu ya kwetu, kwamba yule sista mrefu anaweza kupanda naye ndege ya misaada, kwamba nyumba yako ina vyumba na haina wa kuvichafua. Jambo kama hilo halijibiwi huku unakoroga bugali. Na mimi, tangu nijifungue hiki kichanga, kila ninachofanya ninakifanya huku ninakoroga bugali.

Kwanza nikuchekeshe, maana jibu lenyewe nililipata katikati ya kicheko.

Unamkumbuka Mama Zaituni, jirani yetu Mwislamu, ambaye tulikula kwake Idi naye akala kwetu Noeli. Sasa ana tele, televisheni yake mwenyewe. Jumapili baada ya misa, umeme ukikubali, anaitoa uani, anaiweka juu ya meza ya kushonea ya mumewe, na nusu ya mtaa inakuja na viti vyake. Tunaangalia familia ya Papa Bonifasi. Ni mchezo wa kuigiza wa watu wa hapa hapa mjini: Papa Bonifasi ni katekista, mkewe ni Mama Veronika, wana watoto kumi na mmoja, kitanda kimoja na rozari moja. Hiyo rozari ndiyo inatuua kwa kicheko. Papa Bonifasi anasali macho amefumba, na kwa kila Salamu Maria mtoto mmoja anatambaa hadi kwenye sufuria. Akifika Amina, maharagwe yamekwisha, na watoto wote wamepiga magoti kama malaika, midomo inang'aa mawese.

Siku ya kwanza nilipiga kelele: "Ni sisi!" Si ndiyo, Yaya? Ulikuwa unanifinya paja nisisinzie, halafu unasinzia wewe. Na mwisho wa rozari Papa yetu alitutaja majina, mkubwa hadi mdogo, kila mmoja ajibu "Niko," hata mwenye homa kitandani.

Mama Zaituni hatuachi. "Nyiye Wakatoliki, munazaa bila kuhesabu, halafu munamuita Mungu na rozari aje kupika!"

"Na weye mwenye bana tisa?" nikamwuliza.

"Wangu ni wa biashara. Kila mumoja iko na meza yake sokoni."

Mumewe, Papa Idi, yeye amekwisha jifunza litania. Kwenye tele wakitaja mtakatifu, anajibu "Utuombee!" kwa sauti kuliko chama chote cha sala cha Legio Maria. Mkewe anampiga na kipepeo cha kupepea jiko, naye anasema, "Acha, mama, ni watu wazuri, nawaitikia tu."

Alors, Jumapili moja akaingia mchezoni Tante Olga. Ni mama mkubwa wa wale watoto, dada wa Mama Veronika, ametoka mbali, miwani, wigi, sanduku la magurudumu. Hana mtoto. Akala, akanywa, akawaangalia watoto waliojipanga ukutani, akasema, "Dada, weye uko nao wengi. Unipatie mumoja." Na akamshika mkono Bibishe, yule mdogo mwenye pengo. Mama Veronika akabaki na mwiko mkononi. Wakaondoka kwenda kituo cha treni ya Ubundu, Bibishe anageuka nyuma, na hapo hapo mchezo ukaisha kwa siku hiyo.

Uani kukawa soko. Mume wangu, Papa Fifi, akasema ni sawa, mtoto ni wa ukoo, nani hajalelewa na tante. Mama Legio (ndivyo tunavyomwita jirani yetu wa Legio Maria) akasema ni wizi. Mama Zaituni akasema angempa Tante Olga mume kwanza, mtoto baadaye. Mimi nilikuwa ninacheka nao, Yaya, halafu nikaona ninamkandamiza Fifi mapajani mpaka akalalamika.

Jumapili iliyofuata umeme haukuwepo. Na iliyofuata pia. Watu wakaanza kuugua kwa ajili ya Bibishe! Yule anayeigiza Tante Olga ni mama mpole wa mtaa wa nyuma. Nilikuwa karibu naye sokoni alipotaka samaki. Muuzaji akafunika beseni.

"Siuzishe kwa mutu mwenye anabeba bana ba wenzake."

"Mama, ile ni mchezo!"

"Mchezo? Miye nilikuona na macho yangu. Uende kwanza urudishe mutoto, samaki itakungoja."

Akarudi nyumbani na sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki, masikini.

Lakini sikiliza hii. Mama Legio akaandikisha nia ya misa. Bila kuniambia, bila kumwambia mtu. Padri wetu ni mgeni, hana tele, hajui kitu. Akasoma mbele ya altare, kwa huzuni yake yote: "Tumwombee Bibishe, mtoto wa Papa Bonifasi na Mama Veronika, aliyechukuliwa na tante yake, arudi kwa wazazi." Halafu akainua macho, akasema, "Hiyo familia isimame, tuwafariji."

Nani asimame? Tukatazamana. Mpiga ngoma wa kwaya akaanza kutikisika mabega. Mtoto mmoja akasema, "Papa Bonifasi haiko, iko ndani ya tele!" Yaya, kanisa lote likaanguka kwa kicheko. Hata wazee wa viti vya mbele walifuta machozi. Padri akasimama pale, mikono imefunguka, anangoja familia.

Nje, watu wakamzunguka Mama Legio kwa kumtania. Yeye akajifunga kitenge vizuri, akasema bila kucheka, "Sala haipotee. Mungu atatafuta mutoto mwengine mwenye banataka kumubeba, atamupatia hiyo sala."

Mimi nikaacha kucheka. Kwa maana barua yako ilikuwa chini ya godoro, na hakuna aliyeijua isipokuwa Papa Fifi.

Ndipo nikakumbuka Bengamisa. Wewe umesahau? Papa alinipeleka nilelewe kwa tante yetu kule nikiwa na umri wa Fifi. Sikuteswa. Nilikula nyama kuliko nyinyi wote, nililala peke yangu kitandani. Lakini jioni walisali haraka haraka wakazima taa, na sikuwa na mahali pa kusema "Niko." Basi nilikuwa ninasema chini ya shuka, peke yangu, bila kuitwa. Ulikuja kunitembelea, ukalala nami, ukanisikia. Asubuhi ukamwambia tante, "Narudi naye." Yeye akapinga, ukarudia yale yale maneno, na ukanibeba hadi barabarani kuomba nafasi kwenye lori la mpunga. Papa alikugombeza. Ulikuwa msichana tu, na hukumwogopa.

Bon. Umeme ukarudi. Ua ulijaa hadi watoto walikaa juu ya ukuta. Mama Veronika anakimbia na kandambili moja, anafika kituoni treni inapiga filimbi, anamshika Bibishe kiunoni. Tante Olga analia: "Lakini uko nao wengi!" Na Mama Veronika, anahema, anasema: "Kwa kupikia, niko nao wengi. Kwa kupoteza, kila mutu iko mumoja."

Hatukusikia kilichofuata. Vigelegele, viti vimeanguka, Papa Idi anaitikia "Utuombee!" na hakuna aliyesali. Baadaye tu tukaona kwamba Mama Veronika hakumwacha dada yake pale kituoni. Alimshika naye, akamrudisha, na usiku ule kitanda kile kimoja kikapata mtu mwingine.

Basi, Yaya, jibu ni hapana. Fifi habebwi na ndege. Siandiki kwa hasira, na Papa Fifi amekubali baada ya siku za kununa. Mabomu tumeyaona, tutajificha na watoto wote. Najua ulichoomba si mtoto wa kuosha vyombo. Najua unavyorudi kutoka kazini na kufungua mlango mwenyewe. Ninalia ninapoandika hapa, uone wino ulivyotanda. Lakini mimi ni mtoto uliyemtoa Bengamisa, siwezi kumpeleka wangu.

Kichanga nimempa jina lako, Madeleine. Wewe ni marraine wake, mama yake wa ubatizo, katekista amekwisha kuandika, na Mama Legio atashika mshumaa kwa niaba yako. Siku mto uliofungwa na vita utakapofunguka, panda boti ya kwanza, uje ukae. Si wiki moja. Ukae.

Masista wanaondoka kesho, kwa hiyo ninaandika ninachohitaji bado: sabuni ya kipande, ile ngumu. Chumvi, hapa imekuwa kama dhahabu. Dawa ya malaria ya watoto, ya maji. Sindano za cherehani za Papa Idi, namba kumi na sita. Kitambaa cheupe cha ubatizo, na kofia yake. Na viatu vya Fifi vya kwenda shule, vyeusi, vyenye mkanda. Sasa anavaa ishirini na saba, lakini nunua ishirini na tisa, akulie ndani yake hapa hapa.

Mdogo wako,
Mama Fifi