Vikombe Sita vya Mama Furaha

Jumatano, asubuhi ya Julai.

Baridi imekaa hapa Jericho kama mpangaji asiyetaka kuhama. Jua sijaliona tangu Jumapili. Nimevaa sweta mbili na kofia ya sufu, na bado vidole vinagoma. Nitaandika polepole.

Wachache mnaonisoma mmezoea nikiwasimulia habari za mtaa wetu wa zamani: nani alikuwa na televisheni ya kwanza, nani alipiga kinanda kanisani akiwa amelewa. Leo sina hadithi ya kuchekesha.

Kliniki wameacha kunipa tarehe ya kurudi. Mara ya mwisho daktari alifunga faili, akanishika mkono, akasema nikijisikia vibaya nije wakati wowote. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Ninajua ina maana gani mwalimu anapoacha kumpa mtu kazi ya kufanya nyumbani.

Basi leo asubuhi nimesema jambo ambalo nimelificha tangu miaka ya tisini. Nimemwambia kwanza yule linalomhusu, ndipo ninaliandika hapa.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Sisi Waganda tulifika Nairobi miaka ya sabini, wengi wetu walimu na makarani, tukikimbia bunduki za kwetu. Kufikia miaka ya tisini tulikuwa tumezoea Jericho hata tukaiona ni yetu. Jumapili baada ya ibada, ua mzima ulinukia matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba na kuachwa juu ya makaa tangu alfajiri. Majirani waliotoka Maragoli na Murang'a walipita dirishani wakituuliza kama leo tunapika chakula au tunapika shamba. Kisha walikaa, wakala. Marehemu mke wangu alitandika mikeka sakafuni na sote tuliketi chini, watoto upande mmoja, wageni upande mwingine, bakuli la mchuzi wa karanga katikati.

Viti tulikuwa navyo. Nilinunua seti nzima ya makochi nilipopandishwa cheo. Yalikaa chumba cha kulala, yamefunikwa shuka, na juu yake tulikunja nguo. Mganda wa rika langu hakuona sababu ya kuning'inia hewani wakati mkeka upo.

Wakongo walikuja baadaye. Tuliwaita Wazaire, maana nchi yao bado iliitwa hivyo. Walipanga vyumba Mbotela, mtaa wa jirani, familia mbili ndani ya nyumba ya moja, na karibu kila mlango ulikuwa na cherehani. Ukipita pale saa kumi na mbili asubuhi ungemwona baba fulani mlangoni, fulana imetoboka mgongoni, akinyoosha suruali yake moja kwa pasi ya makaa. Saa moja mtu huyohuyo alitoka mkunjo wa suruali umesimama wima, viatu viking'aa, kana kwamba anakwenda kuoa.

Rafiki yangu Kizito, Mganda mwenzangu, alikuwa akisema Wazaire hula nguo na hushushia kwa marashi. Nao walitulipa. Mama Furaha, fundi wa kushona pale Mbotela, aliniambia siku moja mbele ya watu sokoni, "Papa Mwalimu, ninyi Waganda muko na mali, lakini munakaa chini kama kuku anataka kutaga."

Soko zima lilicheka. Nami nilicheka. Ningetoa chochote kukisikia tena kicheko kile.

Binti yake, Furaha, alikuwa mwanafunzi wangu wa Jiografia, darasa la nane. Siku moja niliwaambia wachore ramani ya ziwa lolote. Wenzake walinakili kitabuni. Yeye alifunga kitabu, akachora ziwa la kwao pamoja na visiwa vyake vyote, na pembeni akatia nukta moja ndogo. Nilipomuuliza nukta hiyo ni mji gani, alisema ni nyumba yao.

Mwaka huohuo kanisa moja la mtaani lilipata wafadhili wa kuwasomesha sekondari wasichana kutoka familia za wageni. Nafasi zilikuwa chache. Kamati iliamua zipewe kwanza jamii iliyo na hali mbaya zaidi, na ile nyingine isubiri mwaka unaofuata. Wakatafuta mtu mwenye elimu, anayezijua jamii zote mbili, azitembelee nyumba na kuandika ripoti ya kulinganisha maisha ya Waganda wa Jericho na Wakongo wa Mbotela.

Walinichagua mimi. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Nilipewa fomu. Je, nyumba ina makochi? Ina redio? Ina chupa ya chai? Vikombe vinavyolingana? Mapazia? Vitambaa vya kufunika viti? Je, mgeni alipewa nini? Tena nikaonywa nisiwaambie watu sababu ya ziara, wasije wakaficha vitu ili waonekane maskini.

Wakongo sikuwaambia. Niliwapa habari kwamba nitawatembelea Jumamosi, basi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Furaha. Alinipokea kama waziri. Viti vilivaa vitambaa vyeupe vilivyofumwa tausi. Chupa ya chai ilikuwa kubwa, yenye mawaridi mekundu. Vikombe vilikuwa sita, vyeupe, vyenye mstari wa kijani. Mwenyewe alisema ni vya harusi yake, alivivusha mpakani vimefungwa ndani ya vitenge. Kimoja kilikuwa na pengo mdomoni, dogo, kama jino la mtoto lililong'oka. Nilikunywa, nikala maandazi, nikajaza fomu.

Nyumba ya pili nilikuta viti vina vitambaa vya tausi. Chupa ina mawaridi mekundu. Mama wa nyumba akanimiminia chai, nami nilipokiinua kikombe ulimi wangu ukagusa pengo.

Nilijaza fomu. Chupa ya chai, ndiyo. Vikombe vinavyolingana, sita.

Nyumba ya tatu nilifika kabla ya wakati. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na nilimwona Furaha akija mbio uani na sinia kubwa lililofunikwa kitenge, vikombe vikigongana chini yake. Tukatazamana. Kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. Nilimsalimu kama mtu aliyekuja kuwatembelea jirani zake, na yeye akaitikia vivyo hivyo. Chai ilipoletwa, kikombe chenye pengo kilinijia tena. Mama wa nyumba aliliona pengo kwa kuchelewa, akaganda. Nikakigeuza taratibu, pengo likatazama ukuta, nikanywea upande mzima na kusifu tangawizi.

Nyumba zote nilizoingia Mbotela siku ile zilikuwa na vikombe sita vyenye mstari wa kijani.

Jumamosi iliyofuata nilizunguka kwetu Jericho. Huku kila mtu alijua ziara ni ya nini, kwa sababu nilikuwa nimemwambia Kizito, na kumwambia Kizito ni sawa na kutangaza kanisani. Hakuna aliyedanganya. Hakuna hata mmoja aliyeficha kitu. Walinikaribisha tu kama tunavyokaribishana sikuzote, mkekani, kikombe cha bati mkononi, na hakuna aliyekumbuka kutaja makochi yaliyolala chumbani chini ya nguo. Nami sikuuliza. Makochi, niliandika, hakuna. Vikombe vinavyolingana, hakuna.

Karibu wote tulikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kizito alikuwa na nyumba ya matofali kwao Masaka.

Niliandika ripoti kwa mwandiko wangu mzuri. Nilisema Wakongo, ijapokuwa wamekuja karibuni, wamejijenga haraka. Kwamba kila nyumba ina samani za kupendeza na vyombo vya kutosha. Kwamba Waganda wa Jericho wengi wao bado wanaketi sakafuni. Ukitafuta uwongo ndani ya ripoti ile huupati. Kila kilichoandikwa nilikiona kwa macho yangu.

Wasichana wa Jericho wakapewa nafasi. Mwaka uliofuata wafadhili waliondoka, na zamu ya Mbotela haikufika.

Miaka yote hii nimejiambia nilinyamaza ili nisiwaaibishe. Ungemwambiaje mama wa watu kwamba umeitambua chupa ya jirani? Nilijiambia pia kwamba fomu haikuwa na mahali pa kuandika habari ya sinia linalotembea.

Hizo ni sababu za mchana. Ninayo nyingine.

Mmoja wa wasichana waliopata nafasi alikuwa Namukasa, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe. Alama zake zilikuwa za kawaida. Nilipokuwa nikijaza fomu kule Mbotela nilikuwa na jina lake kichwani. Kila kikombe nilichokihesabu kilimsogeza mbele kidogo.

Leo Namukasa ni muuguzi, yuko Mombasa. Dawa zangu zote hutoka mkononi mwake. Ananiita Taata, yaani baba. Ni mtu mwema, na hajui lolote.

Na Furaha?

Furaha anauza uji na maandazi kwenye kibanda chake karibu na soko la Jericho. Mama yake alimfundisha cherehani, macho yakamkataa, akaingia kwenye uji. Tangu mke wangu afariki, kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda hupitia kwangu na uji wa wimbi. Sikumwomba. Hunimiminia, huninunia nikiacha, huosha kikombe, huenda. Kikombe ni cheupe, kina mstari wa kijani na pengo mdomoni. Ndicho pekee kilichosalia kati ya vile sita.

Nimekunywa uji kwenye kikombe hicho asubuhi baada ya asubuhi nikijiambia kesho nitasema.

Leo alipokuja nilimwomba aketi. Alidhani nataka kumtuma dawa. Nikaanza na fomu, nikaenda mpaka kwenye ripoti, sikuacha kitu, hata jina la Namukasa. Sauti yangu ilikatika mara mbili na mara zote mbili alinisogezea maji. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake.

Nje jirani alikuwa anakung'uta mkeka.

"Unajua Mama alikuwa anasema nini juu yako?" akaniuliza hatimaye. "Siku ile nilirudi nyumbani nikilia. Nikamwambia Mwalimu ameniona na sinia, Mwalimu amejua. Akaniambia nyamaza. Akasema Mwalimu ameona pengo na amelipeleka ukutani, huyo ni mtu anaheshimu watu. Mpaka anakufa, Mwalimu, alikuwa anakusifu hivyo. Huu uji ni yeye aliniambia nikuletee."



Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kusamehewa, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafikiria nitakavyoshukuru. Hilo la mama yake sikulitazamia. Kumbe lile pengo nililoligeuza, wao walilihifadhi kama zawadi, wakanilipa kwa uji.

Nikamwambia pole. Ni neno dogo sana.

Alisimama, akakiosha kikombe kwenye karai kama siku zote. Akakikausha kwa ncha ya leso yake. Kwa kawaida hukirudisha kwenye kikapu, amekifunga kitambaa. Leo alikishika kitambo, akakizungusha, akakiweka mezani kwangu.

"Namukasa anajua?"

Nikasema hajui.

"Basi mwambie kabla hujaenda, Mwalimu. Mimi nilimpigia makofi siku anaondoka na sanduku. Nilimbebea mpaka stendi." Akainua kikapu chake. "Hili jambo sitabeba peke yangu."

Akatoka. Alifunga mlango polepole, kwa sababu ya baridi.

Sasa ni saa nne kasoro. Kikombe kipo hapa mezani. Sijui kama amekiacha kwa kuwa hatarudi, au amekiacha kwa kuwa hataki tena kutembea nacho. Nimekigeuza pengo linitazame mimi.

Nilidhani nikishamwambia Furaha nitakuwa nimemaliza. Nilidhani kuungama ni mlango mmoja. Kumbe kumwambia yeye ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi; yeye alishaishi na hasara, hata kama hakujua jina lake. Namukasa nitampokonya kitu. Atatazama sare yake, cheti chake ukutani, watoto wake, na nyuma ya hivyo vyote ataona sinia linakimbia uani. Naye hana kosa. Tena ninaogopa, niseme kweli, ninaogopa kwamba sauti inayoniita Taata kila jioni itabadilika, na sina miaka ya kuisubiri irudi.

Je, mtu anaweza kuomba afe akiwa bado anapendwa? Nimejiuliza hilo tangu asubuhi. Nadhani Mama Furaha alikufa akimpenda mtu ambaye hakuwepo, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sitaki Namukasa naye anizike hivyo.

Yuko zamu mpaka saa nane. Saa nane na robo nitampigia, kabla mkono haujachoka kushika simu. Nitaanzia kwenye vikombe.

Na kesho asubuhi, mlango sitaufunga kwa komeo.