Ruhusa ya Simbilisi

Jumatatu, 9 Juni

Homa. Kifua kinawaka, pua mfereji. Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Tajiri wangu, mwenye duka, hakuinua hata macho — alikuwa anamkatia simbilisi wake karoti. Mnyama mwenyewe kama panya aliyenenepa akakosa mkia, anakaa kwenye kizimba pale mbele ya duka. Kumlisha ni kazi yangu, juu ya ushonaji.

"Mafua ni ya pua," akasema Tajiri. "Wewe unashona kwa mikono."

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Jumatano, 11 Juni

Mapazia ya hoteli. Nimeshona huku natetemeka, mchana nikaangukia cherehani. Nilipozinduka Tajiri alikuwa kanisimamia, anakagua kama kitambaa kimeingia makamasi. Kitambaa! Sawa. Nimeliweka moyoni, na halitoki.

Ijumaa, 13 Juni

Simbilisi kapiga chafya. Kachafya kadogo, kama mtu anachana karatasi. Duka likafungwa papo hapo. Garini mnyama akakaa mbele, kafunikwa koti la Tajiri. Mimi nyuma.

Daktari wa mifugo akamsikiliza kifua, akauliza nani karibu yake ana mafua. Tajiri akabisha: ugonjwa wa watu na mnyama wapi na wapi? Daktari akasema magonjwa yetu mengi hayawapati wanyama, ila homa ya mafua inaweza kuwapata wadogo kama huyu. Atapona, lakini mgonjwa asimsogelee. Akiambukizwa tena hatamudu.

Hapo nikakohoa. Sikukusudia, naapa. Wote wakageuka.

Kumbe ni mimi niliyemwambukiza. Nilipaswa kuona haya. Badala yake moyo ukatulia tuli, kama nimekunywa maji baridi.

Njiani Tajiri ananilaumu: mbona hukuniambia unaumwa? Nisikanyage dukani wiki nzima. "Utaniulia mtoto," akasema, na macho yamelowa.

Jumamosi, 14 Juni

Dada, ninayekaa kwake, kanifunika blanketi la pili. Akasema: ruhusa si ndiyo hiyo uliyoililia? Lala basi.

Nikamwambia niliililia mimi, ila hii kapewa simbilisi.

Kasema siku hizi nina roho mbaya. Ninayo. Nimeipatia kazini.

Jumatatu, 16 Juni

Homa haijashuka. Kwa hiyo leo nimekwenda kazini.

Nimefungua kwa ufunguo wangu. Tajiri yuko kwa mteja anapima madirisha. Mnyama kaachiwa kitambaa cha sufi, maji safi, majani mabichi. Mimi sikuwahi kuachiwa hata glasi.

Nilikuja nimkoholee mpaka nichoke. Niandike hivyo hivyo, hakuna anayesoma humu. Tajiri arudi amkute amelala ubavu, naye ajue inavyokuwa.

Nikafungua kizimba. Simu ikaita — Tajiri. Anauliza ninaendeleaje. Nikangoja amtaje mnyama wake. Hakumtaja. Akasema nisiharakishe kurudi, kazi ipo tu. Nikakata bila kuaga.

Ilikuwa rahisi zaidi kabla hajapiga.

Sasa nimekaa sakafuni. Mnyama katoka mwenyewe, kapanda mapajani, kajisukuma kiganjani. Anafuata joto, na joto ninalo. Kifua chake kinakwaruza kama changu.

Mkono mmoja una kalamu. Mwingine kaulalia yeye. Kikohozi kinapanda, na nikitaka kuziba mdomo lazima niweke kalamu chini.