Kamisi ya Mama Mkwe

Kibomet, Jumamosi, 14 Agosti 2004

Na mashine yenyewe ilifanya kazi vizuri, hilo ndilo linaniuma.

Wiki tatu nimehangaika na hiyo mashine ndogo ya kufulia, ambayo marehemu baba mkwe alinunua kwa mzungu mmoja wa Endebess kabla sijazaliwa. Nilisugua kutu, nikabadilisha belti ya mota, nikakata tyubu ya baiskeli kuziba palipovuja. Leo nimeipeleka Bumula, kwao mke wangu, nikijiona fundi kweli.

Mama mkwe alisimama mbali, kando ya jiko, tukasalimiana bila kutazamana, vile mila inataka kwa mkwe. Majirani walikuwa wamejaa uani. Nikawasha. Maji yakaanza kuzunguka, na kichwa kikanivimba. "Sasa muone kazi," nikasema, nikachota nguo kwenye beseni bila kuangalia.

Nikainua kamisi ya mama mkwe, nguo yake ya ndani. Mimi, mkwe, mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama alijifunika uso kwa leso, akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka nikaondoka. Hata chai sikungoja.

Jioni mke wangu Nafula, aliyebaki huko kwa mamake, amenipigia simu. "Mama anasema asante. Mashine ni nzuri."

Nikashusha pumzi.

"Lakini yeye atafua na mikono tu, kama zamani. Ati utume mtu aichukue. Wewe usikuje."